Karani Elisaria Asihamishiwe Moshi

Mgeni rasmi, Bwana Mkubwa wa Uhamiaji,

Leo kabla hakujapambazuka, mfuniko wa birika ulikuwa tayari unagongagonga jikoni kwa mwenzetu Anyesi. Hiyo ndiyo chai uliyokunywa. Karibu Arusha.

TULIKOTOKA
Sisi akina mama saba tunauza chai na ndizi kwenye uwanja huu mdogo wa ndege tangu mwaka 1953. Ndege ya Nairobi ilipotua, Wazungu walikaguliwa kwanza, ndani. Wengine walisimama juani wakingoja karani mmoja asome pasipoti zote. Abiria mmoja, Mama Khatun, alisimama hivyo na mtoto wa wiki tatu.

KAZI YA KARANI
Karani huyo, Elisaria, ni mtoto wa wakulima wa kahawa, Wameru kama sisi. Kwenye mizani ya kahawa tunapanga magunia mstarini, wenyewe tunakaa kivulini. Akaileta desturi hiyo hapa: mizigo ikapanga mstari, watu wakakaa. Akawa anasoma kila karatasi vizuri, maana hakuna aliyemsukuma. Abiria wetu Bwana Avtar, fundi magari, alitutania, "Mama Tabea, kikapu changu kimenitangulia! Kitafika nyumbani kikale chakula changu!"

KOSA
Hatulifichi. Mwezi uliopita sanduku moja lilifika mezani halina mtu. Mwenyewe alikwisha kupita kwenye shamba la mahindi kando ya uwanja, akaenda zake, hajakaguliwa. Serikali ina haki ya kukasirika. Hata sisi nyumba zetu zina milango. Lakini sasa watu wamerudishwa juani, na Elisaria anahamishiwa Moshi.

Bwana Mkubwa, tunaona wivu. Moshi wana kibanda kipya, madirisha mawili, mabenchi. Na karani wetu pia wapewe? Akina mama wa huko watasema ni karani wao. Siku ile ya Khatun, sisi ndio tuliomwona Elisaria akimpa mama yule kiti chake, akafanya kazi wima mpaka jioni. Sisi ndio tunaojua chai yake: maziwa mengi, sukari kidogo.

OMBI
Abaki. Kosa ni letu pia: tulitazama mizigo, hatukutazama watu. Kuanzia sasa kila mama atawaangalia abiria watatu, tangu wanaposhuka mpaka mezani. Akikosekana mmoja, tutapiga kelele. Jumanne tulijaribu, tukiwa nao juani: walishuka kumi na tisa, wakakaguliwa kumi na tisa.

Mungu akufikishe salama kwa watoto wako.

Ni sisi, Akina Mama wa Chai wa Uwanja wa Ndege, kwa mkono wa Tabea, bibi wa wajukuu tisa. Tutembelee tena mwezi ujao, Bwana Mkubwa, na tunaomba umkute yeye mezani.