Fundi Anayefumua Kazi ya Mkewe

Benchi liko nje ya chumba cha kushonea, chini ya dirisha, na wanaolikalia kunywa kahawa wana adabu zao: mke wa Fundi akiwa kwenye kikao, ni kunong'ona tu. Ndani ameegemeza simu kwenye cherehani, anazungumza na wanawake watano na mshauri wao, kila mtu na mji wake. Yeye na hao watano walitibiwa saratani ya matiti wakapona, ila vichwa havijarudi sawa: jina linapotelea mdomoni, sufuria inasahaulika motoni. Nje, mumewe anafumua shati la shule ambalo mama huyo amelipachika mikono yote miwili ya kushoto. Anafumua upesi, kikao kisije kikaisha.

— Zile dripu ndizo zilizomwosha kichwa, alisema Dokta, ambaye aliwahi kufagia hospitali. Haba na haba hujaza kibaba.

— Cha shemeji si kimemwagika? alijibu Mbunge, aliyegombea mara moja, akashindwa, na mpaka leo hajamaliza hotuba. Tatizo ni simu. Wasahaulifu sita kwenye laini moja wanaambukizana tu. Wapishi wengi huharibu mchuzi.

— Mshauri anasema hali hii inawapata wengi baada ya matibabu, alisema Fundi. Si wazimu, wala si uvivu. Wanafundishana namna ya kuishi nayo.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

— Guu lake zima, Dokta, alisema Fundi. Tunaongelea kichwa.

Mbunge alishusha kikombe cha kahawa.

— Mimi nasema kumbukumbu ya mwanamke inakaa kifuani. Si ndipo alipowalaza watoto wote? Wamekata pale, mnategemea nini?

Kidonda kile Fundi alikuwa akikiosha kwa mikono yake mwenyewe. Aliinamia shati, akakata uzi mwingine.

— Kazi ndiyo iliyombakia, alisema. Akijua anakosea ataiacha, na akiiacha nimempoteza. Kwa hiyo namrekebishia kimyakimya. Miezi yote hii hajui.

— Huyo ndiye mume, alisema Dokta.

Pembeni ya benchi alikuwa amekaa mwanamke mgeni, ameleta gauni la kupunguzwa, anangoja zamu yake.

— Samahani, kaka. Kwani yeye si fundi?

— Fundi kunishinda. Ndiye aliyenifundisha.

— Sasa mshono wako anashindwaje kuujua?

Dokta aliinamia kikombe. Fundi alilitazama shati lile mapajani, akapitisha kidole kwenye mshono.

Ndipo sauti ya mkewe ikatoka dirishani, ya chini, akiwaambia wenzake:

— Namwacha tu afumue. Nikimwambia naona, atavunjika moyo.