Gari Ndilo Lililokula Mafuta

Mheshimiwa Mkurugenzi wa ghala letu la dawa, mgeni rasmi wa shughuli hii. Wakuu wa idara. Madereva na mafundi, wenzangu wa kila siku. Shemeji yetu uliyeketi hapo mbele. Na wewe mwenyewe, Mzee Taratibu, ambaye leo tunakuaga baada ya utumishi mrefu wa kupeleka dawa hospitalini: habari za mchana.

Mimi kama mtakwimu wa ofisi nimeombwa niseme maneno machache matamu. Nilikuwa nayo. Lakini tangu shughuli ianze kila aliyesimama hapa amemsifu mzee huyu kwa uvumilivu, nami nimekaa pale nikijiuliza: alivumilia nini? Barabara mbovu? Jua? Alituvumilia sisi, ndugu zangu, na kumsifu bila kulitaja hilo ni kumvika kilemba cha ukoka.

Basi nitalitaja.

Jina la Taratibu tulimpa kwa sababu aliendesha kana kwamba amebeba mayai; mafundi walimtania kuwa hata kobe humpigia honi. Ni mtu huyo aliyesimamishwa kazi kwa wizi wa dizeli. Wewe, Mheshimiwa, ulilinganisha wastani wa mafuta ya kila dereva, ukaona wake umewapita wote, ukamsomea barua ya kusimamishwa pale uani, mbele ya wenzake. Alikabidhi funguo, akauliza kama anaruhusiwa kuchukua kikombe chake cha chai.

Mtaani kwao shemeji akaanza kuitwa mke wa dizeli. Akaacha kununua sukari duka la jirani, akawa anatembea hadi kule ambako hajulikani.

Nilikuja ofisini kwako. Nikakueleza kwamba hatuna aina moja ya gari, tuna tatu, na kwamba Mzee Taratibu ndiye aliyepewa yale makuukuu kila mara kwa kuwa wengine waliyakataa. Nikaomba tuyapime. Jibu lako nalikumbuka neno kwa neno: "Takwimu zako zipeleke chuoni. Mwizi mimi namjua kwa macho."

Tulipima bila baraka zako. Madereva walitoa siku zao za mapumziko. Kila mmoja aliendesha kila aina ya gari, njia ileile, mzigo uleule, tangi likijazwa pomoni na fundi mkuu na kufungwa kwa lakiri. Mzee Taratibu naye alikuja, ingawa mlinzi alikuwa ameagizwa asimpitishe getini. Tulimpokeza usukani nje, barabarani, kama watu wanaofanya magendo. Tukarudia safari hizo tena na tena, maana hata gari moja mikononi mwa mtu mmoja halili sawa leo na kesho.

Kisha nikafanya kinachoitwa uchanganuzi wa varianzi. Jina ni zito, lakini maana yake hata mtoto ataielewa. Unatazama kwanza magari ya aina moja yanapishana kiasi gani yenyewe kwa yenyewe. Halafu unauliza kama tofauti ya aina hii na ile inaupita upishano huo kwa mbali, au ni mambo ya bahati tu. Iliupita kwa mbali mno. Tofauti za madereva hazikuwa na uzito wowote. Hata dereva wako mwenyewe, Mheshimiwa, alipokalia usukani wa gari kuukuu, lilikula dizeli vilevile kama lilivyokula kwa Taratibu.

Hesabu hizo hazijui nani mwema na nani mbaya. Zilisema tu kwamba gari ndilo lililokula mafuta, na kwamba tulimhukumu mtu kwa kosa la injini.

Makao makuu waliposoma ripoti niliyowapelekea, mzee akarudishwa kazini kimyakimya. Samahani hakuambiwa. Funguo hakupewa tena. Amemalizia utumishi wake akiosha magari. Siku moja nilimkuta ameinama kwenye magurudumu, nikamwambia kwamba mimi nina hasira kwa niaba yake. Akakamua kitambaa, akasema, "Mwanangu, cheo sitaki. Nataka mke wangu asikie mtu akisema mbele za watu kwamba mimi si mwizi."

Mnadhani tumejifunza? Dada yetu dereva, yule pale karibu na mlango, ndiye anayeendesha makuukuu sasa. Wiki iliyopita alipewa barua ajieleze dizeli imekwenda wapi. Ripoti ipo, magari ni yaleyale, na bado tunatafuta mwizi kwa macho!

Shemeji, mumeo si mwizi, na hajawahi kuwa. Nimesema mimi, ila najua si sauti yangu uliyokuwa ukiingojea miaka yote hii.

Ndugu wageni, nawashukuru kwa kunisikiliza hadi hapa. Mheshimiwa Mkurugenzi, mimi siketi mpaka uje. Kipaza sauti ni hiki.