Sipre za Mama Léontine

Lori lilipopita Mushaki, Mama Léontine alikuwa bado amekumbatia panga jipya, akicheka peke yake. Alikuwa anarudi Bihambwe baada ya miaka mitatu katika kambi ya waliokimbia vita. Nyumba haikuwepo tena, ila miti ya sipre aliyoipanda mama yake kuzunguka kiwanja ilikuwa imesimama. “Leo ninaikata fupi, ifanye uzio muzuri kama ya Goma!” akasema kwa sauti.

Papa Polycarpe, abiria mwenzake ambaye hakumjua kabisa, aliruka kutoka kwenye gunia lake la mihogo alilokuwa amelikalia. “Weye Mama! Sipre si bugenvilia! Ukikata mpaka penye haina majani, haichipuki tena. Na iyo njo mupaka ya kiwanja yako!”

“Nikiiacha, majirani wanasema iko pori. Wameanza kupanda maharagi ndani!”

“Ikikauka, watasema hapakukuwa muntu mwenye kukaa apa!”

Hati za kiwanja ziliungua pamoja na nyumba, na kwenye ofisi ya ardhi walimwambia alete ushahidi, kana kwamba moto hutoa risiti.

Lori likasimama Bihambwe. Kilimani, mstari wa sipre ulionekana, mweusi, mrefu. Mama Léontine akashuka mbio, kisha akageuka. “Papa, shuka basi, unionyeshe pa kuishia kukata.”

Papa Polycarpe alikuwa anakwenda mbele zaidi, Masisi. Akatupa gunia chini, akashuka huku bado anagomba.