Daftari la Nne la Mama Esnath

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi, pole kwa safari na kwa mvua yetu. Ulipofika Bulyaga mara ya kwanza, mwaka 1988, tulikuita Ndugu. Leo, mwaka 1995, wewe ni Mheshimiwa, nasi tunakupongeza. Umekuja kutufungulia chumba cha kusomea. Karibu sana, ingawa mioyo yetu ni mizito.

TULIVYOANZA

Kikundi hiki kilianzishwa na Mama Esnath, mchuma chai wa Ikuti aliyejua kusoma kwa kisomo cha watu wazima. Vitabu vya dukani alivimaliza, akaanza kutafuta hadithi ambazo hakuna kampuni iliyozichapa, za watu walioandika kwa mkono au kujichapishia wenyewe na kuziuza stendi. Alizisoma kwa sauti jikoni. Ndizi zikiungua bila mtu kushtuka, hadithi hiyo inafaa, na kila msomaji alinakili sura moja isije ikapotea.

MAFANIKIO

Tumesoma hadithi thelathini na moja. Zilizounguza ndizi ni tano tu. Waandishi wengine tuliwaambia ukweli, na Bwana Haruni wa duka la vitenge hatusalimii mpaka leo.

Ya tano ilikuwa yake mwenyewe Mama Esnath. Alitufichia miaka sita: madaftari manne, habari za mwanamke anayerudi kudai mgomba wa marehemu mama yake. Tulipofika daftari la tatu, mwenzetu Meshaki, mtu mzima na ndevu zake, alitoka nje akasingizia moshi.

YALIYOTUPATA

Siku hiyo ndiyo uliyopita hapa, Mheshimiwa. Ulisikiliza, ukasema hadithi hii lazima ichapwe, na kwamba utaipeleka mwenyewe kwenye shirika la uchapaji. Madaftari matatu tulikuwa tumeshayanakili. La nne, lenye mwisho, hata kulisoma tulikuwa bado. Gari lako lilikuwa linanguruma. Tulimsihi Mama angoje tunakili kwanza.

"Mgeni hapewi nakala, wanangu," alisema. "Mpeni lenyewe."

Akakukabidhi yote manne kwa mikono miwili, na bado akakwambia "ndaga", yaani asante, yeye aliyekuwa anatoa.

Kisha likaja soko huria. Shirika ulilolitaja likaacha kuchapa, karatasi ikawa haishikiki, na stendi ikajaa magazeti ya picha kutoka ng'ambo. Barua zetu saba hazikujibiwa. Hatulaumu, ofisi nyingi zilihama miaka ile.

Mama Esnath sasa haoni vizuri. Mara tatu amejaribu kutusimulia mwisho ule tuuandike, na mara tatu ameachia njiani. "Siyo huo," anasema. "Ule niliuandika nikiwa na nguvu." Kila Jumamosi mjukuu wake Ikupa humshika mkono wakaenda posta kuuliza kifurushi. Karani amechoka kumwambia hakuna. Siku hizi anamwambia bado.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika rafu, taa na viti. Tumevifuta.

Tunaomba daftari la nne, lenye jalada la kijani, hata kama limelowa. Na kama limepotea, Mheshimiwa, hatutadai neno. Tunaomba tu usimame umwambie Mama mwenyewe, maana sisi miaka saba tumeshindwa. Amekaa mstari wa mbele, kitambaa cheupe kichwani. Aliposikia ni wewe unayekuja, alitoka nyumbani na mkoba wa kulibebea.

Mungu akufikishe salama kwako, na atuhurumie tuliotoa tusichokuwa na cha pili.

Imesomwa na Lusungu, katibu, kwa niaba ya Kikundi cha Wasomaji Bulyaga, Tukuyu.