Mzee Yeremia Nkwabi na Mashine Inayosikiliza Kila Mtu

Kwa uzito unaostahili, Uongozi wa Ushirika wetu unawatangazia wafanyakazi wote kwamba kuanzia kesho, Jumatano tarehe 1 Julai 1998, kiti chenye mto wa buluu katika chumba cha kompyuta, kile kilicho chini ya feni, kitakuwa wazi. Wanaokitamani watulie. Kimegombewa tangu Pasaka, na wapo wawili ambao hawasalimiani tena.

Aliyekikalia ni Mzee Yeremia Nkwabi, Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta, anayestaafu leo baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi.

Alianza mwaka 1967 akiwa karani wa mizani kwenye kiwanda chetu cha kuchambua pamba, Igoma. Wakulima wa enzi hizo wanamkumbuka kama karani pekee aliyemruhusu mtu kupima mzigo wake mara ya pili, na ya tatu kama bado ana dukuduku. Foleni ilikuwa ikifika barabara ya Musoma. Hakuna aliyeondoka akinung'unika, isipokuwa waliokuwa bado hawajafikiwa.

Kutoka mizani alipelekwa kwenye mashine za kadi za matundu, na mwaka 1990 kompyuta ya kwanza ilipoletwa kwa lori, imefunikwa magunia kama mgonjwa, alikabidhiwa yeye. Sababu iliyotolewa ni uzoefu. Sababu ya kweli ni kwamba wengine wote walikataa kuigusa. Ndani ya msimu mmoja hesabu za marobota zilikuwa zinatoka mahali pamoja badala ya ofisi tano zenye majibu matano. Hilo peke yake lilitosha kumfanyia sherehe.

Kisha likaja soko huria. Wanunuzi binafsi wakaingia vijijini, pamba ikawafuata, na kompyuta zetu, ambazo sasa zilikuwa mbili, zikabaki na nafasi kubwa ya kutafakari. Mzee Yeremia hakupenda kuona mtumishi amekaa bure. Akaitafutia mashine namba mbili kazi: imfunge Bashiru.

Bashiru Ally, kwa wageni wetu wa leo, ni mkuu wa stoo. Alisoma ng'ambo akarudi na cheti, koti zito ambalo Mwanza halina matumizi, na ubao wa sataranji. Amemfunga kila mtu aliyethubutu kukaa mbele yake, na hafungi kimyakimya. Mzee Yeremia alifungwa miaka mingi kabla ya kutamka kwamba kwa kichwa chake hatamweza, ila atatengeneza kichwa kingine.

Alianza mwaka 1993. Mwaka wa kwanza mashine ilijifunza jinsi farasi anavyoruka. Mwaka wa pili ilijifunza kwamba mfalme hatolewi kwa kubadilishana na askari wawili, hata kama soko ni huria. Mwaka wa tatu ilianza kucheza vizuri, lakini kwa mwendo wake. Ijumaa moja Bashiru alisogeza askofu, akavuka na kivuko kwenda harusini Kamanga, akarudi Jumatatu na kukuta mashine imemjibu kwa kusogeza askari hatua moja. "Nkwabi," alisema, "hiyo mashine inafikiri, au inamsubiri mgeni rasmi?"

Ndipo akaja Dorotea Shimba, Januari mwaka jana, moja kwa moja kutoka chuoni. Sataranji alikuwa hajui. Alisoma kazi ya Mzee Yeremia kwa siku kadhaa, akaja na swali. "Shikamoo Mzee. Kwa nini inapoteza muda kwa hatua ambazo hata mlevi hawezi kuzicheza?"

"Marahaba. Huu ni ushirika, mwanangu. Kila mwanachama anasikilizwa."

Dorotea akaomba ruhusa ya kutengeneza yake kwenye mashine namba moja, saa za chakula. Mwanzoni hakugusa kibodi kabisa. Alikwenda stoo, akakaa pembeni ya Bashiru akimtazama anavyocheza, na badala ya kumuuliza anaangalia nini, alimuuliza haangalii nini. Bashiru alishangaa kugundua kwamba karibu ubao wote haangalii. Masika hayajaisha, mashine ya Dorotea ilikuwa inaifunga ile ya Mzee Yeremia huku chai ikiwa bado ya moto.

Miaka minne dhidi ya msimu mmoja wa masika. Ofisi iligawanyika katikati. Kwa kuwa hapa kwetu watu wakigawanyika hupata jina papo hapo, wa Mzee wakajiita Wagika na wa Dorotea wakajiita Wagalu, kama vile vikundi viwili vya ngoma vya Wasukuma vinavyoshindana. Wagika walivumisha kwamba babu yake Dorotea kule Magu alikuwa manju, kiongozi wa ngoma mwenye dawa za kushindia, na kwamba kasi ile si ya shule, ni ya dawa. Dorotea alijibu kwamba dawa yake ni kuchukia kusubiri.

Mzee Yeremia peke yake hakuumia, na neno lake ndilo lililo karibu na ukweli. Alisema kipaji ni kujua kitu cha kuacha. Lakini pia aliwakumbusha Wagalu kwamba Dorotea aliruka mashimo yote ya njiani kwa sababu ndani ya kila shimo alimkuta Mzee Yeremia amesimama, anampungia mkono apite pembeni. Dorotea alikubali. Sehemu inayoifundisha mashine yake kanuni za mchezo ni ya Mzee, hakubadilisha hata mstari.

Kilichobaki kilikuwa ombi moja la mstaafu: kabla hajakabidhi ufunguo, mashine yake imfunge Bashiru, hata mara moja tu.

Pambano lilifanyika Ijumaa iliyopita. Mashine zote mbili, Bashiru mmoja, akitembea kutoka ubao hadi ubao. Mwamuzi alikuwa Venant Chenge, mwenyekiti wa tawi la wafanyakazi, ambaye sataranji haijui ila ngoma anaijua. Mavunoni vikundi viwili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu. Venant akahesabu vichwa. Mbele ya mashine ya Dorotea alikuwepo Dorotea tu, kwa kuwa ilikuwa inajibu upesi mno, hakuna cha kubishania. Mbele ya ile ya Mzee ulijaa umati, unatafuna michembe ya viazi vitamu na kubishana juu ya kila hatua kabla haijachezwa. Mzee Yeremia akatangazwa mshindi na jogoo akachinjwa. Bashiru alipotoa taarifa kwamba kwa Dorotea ameshafungwa muda mrefu, jogoo alikuwa tayari kwenye sufuria.

Lakini mchezo wa Mzee ulikuwa haujaisha, na hapo ndipo vicheko vilipopungua. Malkia wa Bashiru alikuwa amenasa. Ilihitajika hatua moja tu, na kila mtu aliiona, hata mama wa chai. Bashiru akavuta kiti, akauangalia ubao wote, jambo ambalo halina kumbukumbu hapa kazini. Mashine ikaanza kufikiri, ikimsikiliza kila askari kwa zamu. Jumamosi ilikuwa bado inafikiri. Dorotea akaja na pendekezo la kurekebisha mstari mmoja ili iharakishe. "Hapana, mwanangu," alisema Mzee Yeremia. "Iache ifike yenyewe." Akakaa kwenye mto wake wa buluu, akaisubiri.

Mzee wetu, umetufundisha kazi, na umetufundisha kusubiri, somo ambalo wengi wetu tumelifeli. Asante kwa mizani, kwa kadi, na kwa mashimo uliyoingia wewe ili sisi tupite. Mkeo, Mama Selina, anatuambia kuku wa pale nyumbani Kiseke wameshaarifiwa kwamba kuanzia kesho watasikilizwa mmoja mmoja. Nenda salama, ukale jasho lako kwa afya na amani. Bashiru amekuzawadia ule ubao, na anasema yuko tayari kuja huko kila Jumapili.

Umeme ulikatika juzi, saa nane mchana, kabla mashine haijajibu.