Makrina Chinguile, Mwandishi wa "Mgeni wa Chumba cha Nne"

Baba Paroko, wazee wa koo zote mbili, majirani wa Mbekenyera, nanyi mliotoka Nachingwea na Lindi, poleni na safari na poleni na msiba. Familia imemteua Evarist Chinguile, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, asome historia hii, naye anaomba asikilizwe hadi mwisho, kwa maana yamo humu mambo ambayo mtu hapendi kuyasikia msibani, na hata aliyeyaandika hakupenda kuyaandika.

Marehemu Makrina Benedikti Chinguile alizaliwa tarehe 14 Agosti 1981 katika kijiji cha Nkowe, ambacho siku hizi kimo wilaya ya Ruangwa, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa mzee Benedikti na mama Josephina. Mama alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alichelewa sana kusema, wakadhani ni bubu, ila alipofungua kinywa hakukifunga tena, na majirani wa Nkowe mliopo hapa ni mashahidi.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Nkowe kuanzia mwaka 1990 hadi 1996, kisha sekondari Nachingwea kuanzia mwaka 1997 hadi 2000, akikaa kwa shangazi. Huko ndiko alikoonja vitabu vya hadithi, vile vyembamba vyenye mapenzi na upelelezi, ambavyo vilikuwa vikifika mikononi mwa wanafunzi vikiwa vimechoka, kurasa za mwisho zimeshafungiwa karanga sokoni. Wenzake walilia kwa kukosa mwisho, yeye akachukua kalamu akawaandikia, na ikawa kwamba wasichana wa darasani kwake waliupenda mwisho wa Makrina kuliko kitabu chenyewe, hata kitabu kizima kilipopatikana siku moja wakasema jamani huyu mtunzi kakosea, mwisho wa kweli tunao sisi.

Utaratibu unataka kazi itangulie ndoa, lakini kazi ya Makrina ni ndefu na ina miba, basi ndoa itangulie. Tarehe 26 Juni 2004 alifunga ndoa takatifu na Dastani Mkuti, fundi seremala wa hapa Mbekenyera, wakajaliwa watoto wawili, Domitila aliyezaliwa mwaka 2006 na Dismas aliyezaliwa mwaka 2011. Shemeji Dastani, ambaye hana maneno mengi, alimchongea mkewe meza ya mninga ya kuandikia kabla nyumba haijawa na kiti cha mgeni, watu wakacheka, wakasema fundi kalishwa kitu, naye akaendelea kupiga randa.

Tukija kwenye kazi, marehemu alikuwa mkulima wa korosho na ufuta, na kuanzia mwaka 2005 alikuwa katika kikundi cha akina mama wanaobangua korosho hapa Mbekenyera, na kikundi hicho ndicho kilichokuwa chuo chake. Alikuwa akiandika nyumbani katika daftari kubwa la kaunta, kisha akija kazini anawasomea wenzake huku wao wakibangua, lakini macho yake hayakuwa kwenye daftari tu, yalikuwa kwenye mikono yao. Mikono ikisimama, ukurasa umepita, mikono ikiendelea kupiga korosho na mtu akaanza kuulizia bei ya sembe, Makrina anachomoa penseli anaufuta ukurasa mzima hapo hapo, hata kama aliuhangaikia wiki nzima. Mama Sabaha, mwenyekiti wa kikundi, alikuwa akilalamika kwamba siku ambazo hadithi ni tamu kikundi hakibangui hata debe moja, na bado yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuuliza yule mgeni keshakamatwa au bado.

Mwaka 2014 alianza kwenda Nachingwea kwa Ildefonsi Nandonde, mwenye steshenari na mashine za kuchapa, mtu aliyewahi kufanya kazi ya vitabu Dar es Salaam, na ambaye ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu. Haki isemwe, Ildefonsi alimfundisha. Alimfundisha kuanza na balaa na siyo na jua kuchomoza, kupunguza watu wanne wawe wawili, kumwacha msomaji mlangoni kila sura inapoisha, kupanga kurasa ili kitabu kisijae hewa, na jinsi kitabu kinavyopitia kwa mhariri, kwa mchoraji wa jalada, hadi kwenye mikono ya wauzaji wa stendi. Kwa miaka minne Makrina alikuwa akipanda bodaboda na basi dogo na daftari limefungwa ndani ya kitenge, anarudi limejaa wino mwekundu, anafurahi kama aliyetunzwa, na nyumbani hatukusikia jina lingine ila mtani kasema hivi, mtani kasema vile. Jumamosi tarehe 20 Oktoba 2018 alimkabidhi daftari la mwisho la riwaya yake ya "Mgeni wa Chumba cha Nne", hakuwa na nakala nyingine, na aliyemsindikiza siku hiyo ni Evarist.

Mwezi Aprili 2019, akiwa stendi ya Ruangwa akisubiri gari, Makrina alimwona mama mmoja asiyemjua amesimama na mizigo yake, amezama kwenye kitabu, gari lake linaondoka wala habari hana. Akasogea atazame ni kitabu gani kinachomfanya mtu hivyo. Kilikuwa ni chake, chumba ni kile kile, mgeni ni yule yule, sentensi ya kwanza ni ile ambayo mama Sabaha alipoisikia aliangusha nyundo, na juu ya jalada kwa herufi nene limeandikwa jina la Ildefonsi Nandonde.

Alimfuata Nachingwea siku ile ile, na Ildefonsi alimpokea kwa kicheko, akamwambia mtani nawe, si ulisema mwenyewe nichukue na jina niweke langu. Sasa wageni wetu mjue kwamba huku kwetu mtani akiingia uani kwako akakamata kuku, humkimbizi wala humshtaki, unacheka, na siku yako unakwenda kwake unabeba jogoo, na neno lililotoka kwa mtani halipelekwi polisi, linapelekwa kwa wazee. Ndiyo maana Jumamosi tarehe 15 Juni 2019 kilikaa kikao cha koo mbili pale Nkowe. Makrina alisema maneno hayo aliyatamka, lakini ulikuwa utani, Ildefonsi akasema alimaanisha, na kwa kuwa aliyekuwepo siku hiyo alikuwa mmoja tu, wazee wakamgeukia Evarist wakamuuliza je, maneno hayo yalisemwa. Evarist akajibu kwamba yalisemwa, akakaa. Wazee wakaamua kwamba utani hauna kesi.

Makrina alimtazama mdogo wake, akasema haya, akafunga kitenge chake vizuri akaondoka. Kuanzia siku ile hakuandika tena, wenzake wa kikundi wakimwomba awasomee anawaambia hadithi zimeisha, na kwenye ile meza ya mninga wakawa wanawekea ndoo za maji. Hakumnunia mtu. Tarehe 31 Agosti mwaka huo huo Evarist alipomuoa Doreen, dada yake Ildefonsi, aliyesimamia vyungu vya pilau tangu asubuhi hadi watu wakashiba alikuwa Makrina.

Mwezi Machi 2024 marehemu alianza kusumbuliwa na tumbo, akapimwa akakutwa na saratani, akatibiwa Ruangwa na baadaye Dar es Salaam, akapata nafuu, kisha ikarudi kwa nguvu. Jumapili tarehe 18 Januari mwaka huu aliomba historia yake iandikwe angali hai aipitie. Evarist akaandika ukurasa mmoja, uliosema kwamba Makrina alikuwa mkulima na mbanguaji wa korosho, mcheshi, mpenda watu, basi. Aliusoma wote, akiwa amelala ubavu, akaurudisha kwa mikono miwili, akasema umeandika vizuri, baba. Penseli ilikuwa hapo kando ya mto, hakuigusa.

Makrina aliaga dunia Jumatatu tarehe 9 Februari 2026, saa nne asubuhi, katika hospitali ya wilaya Ruangwa, na karatasi inayosomwa hapa ni nyingine, imeandikwa jana.

Wazee wa kikao cha Nkowe, wengi wenu mko hapa, na mlimuuliza Evarist swali moja naye akalijibu nusu. Nusu iliyobaki ni hii. Siku ile pale steshenari Ildefonsi alisema kazi hii nzuri kuliko sura yako, mtani, naichukua iwe yangu, Makrina akamjibu chukua, mwizi mkubwa wewe, na jina uweke lako, mimi nabeba kiti chako na mkeo, na wote watatu wakacheka hadi chai ikamwagika. Kisha Ildefonsi, akifuta machozi ya kicheko, akasema natania tu, jina lako nitaliweka juu kabisa, wajukuu zako walione. Maneno hayo Evarist aliyasikia kwa masikio yake mawili, akayameza mbele yenu, kwa sababu posa yake kwa Doreen ilikuwa imeshapokelewa na aliogopa ndoa isivunjike. Doreen hakujua, anasikia leo pamoja nanyi, naye ana haki ya kulia.

Ildefonsi, umekuja umejifunga shuka kiunoni, umekamata jembe la kuchimbia kaburi, kazi ambayo desturi humpa mtani wa kweli, tayari kututania kaburini. Liweke chini, mtani. Kaburi la Makrina watachimba wengine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Ruangwa na Dar es Salaam waliomhudumia bila kuchoka, majirani wa Mbekenyera mliopika na kuchota maji siku zote hizi, Baba Paroko na jumuiya, shemeji Dastani aliyemgeuza kitandani kwa miezi minne, na kwa namna ya pekee akina mama wa kikundi cha kubangua korosho, kwa sababu ninyi mliisikia riwaya hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote duniani, na mkiulizwa ni ya nani mtajibu. Kwa Evarist familia haina shukrani, wala yeye haombi.

Dada, kitabu ni chako, umeandika wewe, wamesikia wote. Pumzika sasa kwa amani.