Mkasi Amchongea Uvimbe Wake

Benchi letu liko nje ya duka la Mkasi, fundi cherehani tuliyempa jina hilo kwa ajili ya ulimi wake, si kazi yake. Asubuhi ile alirudi kutoka hospitali, akajimiminia kahawa, akatutangazia kama anayesoma matokeo ya mpira: uvimbe wa titi ni saratani, na umejaa protini fulani ambayo watafiti wanaiwinda. Wamemwomba kipande cha uvimbe wakichunguze. Amekubali.

Redio, dereva mstaafu asiyezimika, akadakia:

— Protini? Si ndiyo mayai! Acha mayai leo leo.

— Na maharage, akasema Kinyozi wa duka la pili. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kwa hiyo na samaki acha.

— Hao wana lao, Redio akapandisha sauti. Wanachukua kipande, wanakiotesha kwenye chupa, kesho kutwa wanatuletea Mkasi wa pili.

— Wa pili? Huyu mmoja tu hatumwezi! akasema Kinyozi.

Nikacheka. Mkasi hakucheka.

— Vichwa maji nyie! Si protini ya sahani. Hii imo ndani ya seli za uvimbe, inaziamrisha: ongezekeni, ongezekeni. Daktari anasema wakiweza kuiziba mdomo, huenda uvimbe ukanywea.

— Basi wakupe hiyo dawa, nikasema.

— Haipo. Ndiyo kwanza wanaitafuta. Mimi nitapasuliwa, kisha nichomwe dawa zilizopo.

— Sasa unawapa kipande cha nini, dada, kama hakikuponyi? nikauliza.

Akatua kikombe kwa kishindo.

— Mama alikufa kwa uvimbe kama huu. Dada yangu naye. Wote wamezikwa na siri yake. Mimi simfichii siri mgeni huyu! Kaingia kwangu bila hodi. Nikishindwa kumtoa, nitamchongea. Watajua anakaa wapi, anakula nini, nani anamtuma. Binti yangu asije akakaa benchi hili akaambiwa aache mayai!

Redio akakiinua kikombe, akakijaza upya.

Akatokea msichana tusiyemjua, kakumbatia kitambaa cheupe.

— Shikamooni. Nimeelekezwa kwa fundi wa hapa. Harusi yangu ni mwakani. Eti, atakuwepo anishonee?

Kinyozi akatazama viatu vyake. Redio akakohoa. Mimi nikakoroga kahawa isiyo na sukari.

Mkasi akasimama, akachomoa futi mfukoni.

— Simama wima, mwanangu. Nyoosha mikono.